Neno Ambalo Aloyce Hakulisema

Najua mnaniita Mzee Rudia. Mnadhani sisikii, lakini masikio yangu ni mazima, ni magoti tu yaliyochoka. Mnasema huyu mzee ukimwambia "zima" anasema rudia, ukimwambia "washa" anasema rudia, na ukisharudia bado anakukazia macho mdomoni kama askari wa mpakani. Juzi mmoja wenu aliniigiza pale duka la vifaa vya umeme, akapinda na mgongo kidogo, watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Nilipofika nyumbani nilirudisha sahani imejaa.

Basi leo nitawaeleza jina hilo lilikotoka. Si habari ninayopenda kuisimulia, na kuna mahali nitasita, mnivumilie. Mnaingia kwenye kazi ambayo mtu mmoja hushika uhai wa mwenzake kwa vidole viwili. Chuoni watawafundisha unene wa waya na rangi zake. Aibu hawaifundishi, nami nina uzoefu nayo wa kutosha.

Tuanze na fyuzi. Nyinyi mmekuta breka, zile swichi ndogo zinazojikata zenyewe. Sisi tulikuwa na fyuzi za kauri, unaichomoa kwa mkono kwenye boksi lake, nyumba inakosa umeme, unairudisha, taa zinawaka. Aliyenifundisha kazi, Mzee Salehe, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria moja aliyoisema kila asubuhi kabla hata ya kunywa chai: fyuzi hukaa mfukoni mwa aliye juu. Kama wewe ndiye unayepanda ngazi, wewe ndiye unayechomoa, na unapanda nayo. Aliye chini hata akirukwa na akili hawezi kukuwashia, maana hana cha kuwashia. Siku moja nilimbishia, nikasema huko ni kupotezeana muda, mtu atashuka na kupanda mara ngapi? Akaniuliza, "Akipigwa shoti, anayekufa ni nani?" Nikasema ni aliye juu. "Basi roho yake akae nayo nani? Wewe?" Kisha akanichapa kibao cha kisogoni, si cha kuumiza, cha kukumbusha. Kilinikumbusha kwa miaka kadhaa, halafu nikasahau.

Kilichonisahaulisha ni urafiki. Nilipata mwenzangu wa kazi, Aloyce, mtu wa Kibosho. Mimi mtoto wa Njoro, mjini, baba Mpare, bibi mzaa mama Mmanyema, na upande mwingine wa ukoo kila shangazi ana hadithi yake. Yeye Mkatoliki wa mlimani, mpole, akifunga waya anapiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Aliniita Shehe, nami nilimwita Padri, ingawa mimi msikiti nilikuwa nauona Ijumaa tu na yeye alikuwa na mke na watoto. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akila chakula chake nyuma ya nyumba kwa kujificha, nikimfuma anafuta midomo na kusema alikuwa anapima voltiji.

Nataka mmjue vizuri, kwa hiyo nitawapa kisa cha Chekereni. Tulikwenda kufunga pampu ya maji kwenye shamba la mpunga. Nyaya nilifunga mimi, na mimi ndiye niliyejigamba kwamba kazi imekwisha. Kuwasha, pampu ikazunguka kinyume, inavuruga tope tu, na mwenye shamba amewaita majirani zake wote waje kuona maji. Pampu ya namna ile ina nyaya tatu za moto. Ikizunguka kinyume, badilisha mbili, zozote mbili, itageuka. Hilo lichukueni bure. Lakini siku ile nilisimama nimeduwaa, kijasho kinanitoka, na mwenye shamba ameanza kukunja uso. Aloyce akasema kwa sauti ya kusikika, "Huwa tunaianza kinyume kwanza, itoe uchafu." Akafungua kisanduku, akageuza nyaya mbili, maji yakaja. Njiani sikumshukuru. Nilimwuliza tu imekuwaje yeye mtu wa kanisani akadanganya.

"Sijadanganya, Shehe," akasema. "Uchafu si umetoka?"

Mtu wa hivyo unaishi naye mpaka unaona sheria za Mzee Salehe ni za watu wasiojuana. Tukaacha kupanda na fyuzi. Aliye chini akawa anakaa nayo, na kabla ya kuirudisha anauliza kwa sauti, "Tayari?" Aliye juu akishaondoa mikono kwenye waya anajibu, "Tayari." Ndipo unarudisha. Kazi ikawa nyepesi, tukawa tunamaliza mapema na kujisifu.

Sasa lisikilizeni hilo neno vizuri, maana lina pande mbili. Mtu akisema "tayari" anaweza kumaanisha amemaliza. Anaweza pia kumaanisha yupo tayari kuanza. Kwenye umeme, kati ya maana hizo mbili kuna kaburi. Hatukuwahi kuliwaza hilo, maana tulikuwa tunajuana.

Ulikuwa msimu wa kipaimara. Mnajua mlimani mambo yanavyokuwa, mtoto mmoja anapata kipaimara na ukoo mzima unapanda kutoka Dar na Arusha, nyumba inapakwa rangi, barabara inachongwa. Tuliitwa kwenye nyumba moja huko huko Kibosho kwa kina Aloyce, kuweka taa kuzunguka paa kwa ajili ya sherehe ya kesho yake. Ilikuwa mchana. Aloyce alikuwa nyuma ya nyumba juu ya ngazi, anapigilia na kuunganisha nyaya chini ya bati. Mimi nilikuwa barazani kwenye boksi la umeme, fyuzi iko mfuko wa shati.

Mbele ya nyumba vijana wa muziki wamepanga spika zao, wanasubiri. Akanijia mjomba wa mtoto, kashuka Dar asubuhi ile, kavaa miwani ya jua na shati limenyooka. Akasema, "Injinia, tupe moto kidogo basi tusikie spika."

Nikageuka kuangalia nyuma yangu anamwambia nani. Hakuna aliyewahi kuniita injinia tangu nizaliwe. Nilikuwa fundi, nilikuwa "we fundi", nilikuwa "yule wa umeme". Naona haya kuwaambia, lakini neno lile liliniingia kichwani kuliko ambavyo mbege, ile pombe ya ndizi, ingeniingia kama ningekuwa mnywaji. Nilipaswa kumwambia ngoja. Au kupaza sauti kumwuliza Aloyce. Au kuzunguka tu nyumba, hatua chache, nikaone kwa macho. Niliona kwamba injinia hazunguki nyumba kumwomba fundi ruhusa. Nikajiambia mbona nyundo imenyamaza, huyu lazima kashashuka, pengine yupo jikoni anaonja ndizi. Nikarudisha fyuzi.

Muziki ukalia. Mjomba akaninyanyulia dole gumba. Mimi nikashika kiuno na kuanza kutikisa kichwa kufuata ngoma. Hapo ndipo huwa nasita. Mwenzangu amerushwa na umeme kutoka juu ya ngazi, yupo chini kwenye migomba, na mimi natikisa kichwa. Kama alilia sijui, hakuna aliyesikia, muziki ulikuwa mkubwa. Alionwa na mama mmoja aliyekwenda kukata majani ya migomba ya kufunikia nyama. Ukelele wa yule mama ndio uliopita juu ya muziki.

Tulimkuta amelala kwenye samadi na majani makavu, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Kiganja cha kulia kimeungua, nyonga imevunjika, macho yamefumba, anakoroma. Watu wakajaa. Kaka yake, Deo, ambaye shamba lake lipo jirani, alifika na panga mkononi kwa sababu alikuwa anapogoa kahawa, akaniuliza, "Imekuwaje?"

Nikasema, "Nilimwuliza, akasema tayari."

Sikulipanga. Wallahi sikulipanga, ulimi uliteleza wenyewe, kama mtu anayeanguka anavyoshika chochote kilicho karibu. Lakini lilipotoka sikulirudisha. Na watu wakanisaidia kulijenga. Mmoja akasema labda hukusikia vizuri kwa kelele. Mwingine akasema labda alimaanisha yupo tayari kuanza, nawe ukaelewa amemaliza. Wazee wakatikisa vichwa, wakasema Kiswahili hiki kina mitego. Uongo wangu ukapata hata mwalimu wa lugha.

Alipozinduka hospitali, baada ya kupasuliwa nyonga, nilikuwepo pembeni ya kitanda. Siku ile yote ilikuwa imefutika kichwani mwake. Alikumbuka kupanda ngazi, basi. Akanigeukia.

"Shehe, nilisema tayari?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Ulisema, Padri."

Akafumba macho. "Kumbe," akasema. "Basi nimejiua mwenyewe."

Nyumbani kwangu nilishindwa kulala wala kukaa. Jirani yetu mmoja pale Njoro, mama wa Kichagga, alipoona nilivyokonda akaniambia, "Baba, nenda na sale." Wengi wenu mnalijua sale, lile jani refu la kijani linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba ya nyumbani. Kwa Wachagga, ukimkosea mtu ukamwendea na jani la sale, hana ruhusa ya kukukatalia msamaha. Akikataa, ubaya unamrudia yeye na nyumba yake. Mama yule alinieleza kwa nia njema, akidhani ninachokwenda kuombea radhi ni kile ambacho kila mtu alikijua.

Mimi nilisikia jambo moja tu: hana ruhusa ya kukataa. Mtu wa mjini akipewa mila ya watu huishika pale penye faida. Nikakata sale kwenye uzio wa nyumba ya mtu barabarani bila kuomba, yaani hata jani la kuombea radhi nililiiba, nikapanda Kibosho.

Aloyce alikuwa amesharudishwa kwao, amelazwa kwenye chumba cha mama yake. Deo alikuwa mlangoni, na uso wake ulinieleza kwamba leo sitatoka salama. Akaliona jani. Nilimwona hasira ikimpanda mpaka shingoni halafu ikakosa pa kutokea. Alisogea akanipisha, akaenda kusimama kwenye migomba peke yake. Mama yao, bibi mwembamba wa maneno machache, alilipokea sale kwa mikono miwili, akasema, "Sale limeingia ndani. Maneno yamekwisha."

Na kweli yalikwisha. Tangu saa ile hakuna mtu wa nyumba ile aliyeruhusiwa kuniuliza tena ilikuwaje. Aloyce akanipa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa na bandeji. Akasema, "Nimekusamehe, Shehe. Na nusu ya kosa ni langu." Wakaleta kiburu, zile ndizi zilizopikwa na maharage, nikala. Nilikula vizuri, vijana. Nikaongezwa.

Mwaka ule haukuisha vizuri. Aloyce alirudi mjini akichechemea, tukafungua tena kibanda chetu cha ufundi Njoro. Alinichekea, aliniita Shehe, chai tulikunywa pamoja. Nikadhani yamepita. Halafu nikaanza kuona vitu. Mteja anamwuliza bei, anajibu, kisha ananigeukia, "Nimesema ngapi?" Anaagiza misumari, anamfuata muuza duka nje, "Samahani, nimesema misumari au skrubu?" Mkewe aliniambia mume wake ameanza kuamka usingizini na kumwuliza kama amesema neno. Ngazi alikuwa haigusi. Alikuwa anafunga soketi za chini tu, na kila akimaliza anairudia kuikagua mpaka wateja wanachoka kusubiri.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mtu asiyeniamini mimi. Ningeistahimili hiyo, ningeona ni haki yangu. Sikujiandaa kwa mtu anayeniamini mimi na kuacha kuuamini mdomo wake mwenyewe. Kila alipouliza "nimesema nini?" nilijua ni mimi niliyemwekea swali lile, na nikawa namjibu, "Umesema sawa, Padri," kama daktari mwema. Aibu ya namna hiyo haikai usoni ikaonekana. Inakaa tumboni, unakula nayo.

Asubuhi moja alikuja kibandani na mfuko wake wa kazi. Akaanza kuvitoa juu ya meza yangu: plaizi, bisibisi zote, testa ya kupimia umeme, ile nyundo aliyoichonga mpini mwenyewe. Nikamwuliza anafanya nini.

"Vitumie wewe," akasema. "Mimi narudi mlimani nikafuge. Ng'ombe hata ukimwambia neno sivyo, hafi mtu."

"Aisee Padri, acha hizo."

"Sikiliza, Shehe. Fundi asiyejua mdomo wake umesema nini si fundi. Nilijiangusha mwenyewe, sawa. Kesho nitamwua mtoto wa mtu." Akanisogezea testa. "Wewe sikio lako zuri. Chukua."

Sikio lako zuri. Nikaishika ile testa, nikaiweka chini. Nikamwambia. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema, "Hukusema tayari. Sikukuuliza. Niliitwa injinia nikawasha."

Hakuelewa mara ya kwanza. Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Akasema, "Hukuniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Na mimi sikusema neno?"

"Hukusema hata neno moja."

"Rudia tena."

Nikarudia tena, na tena. Sijui mara ngapi, alikuwa anataka kila kipande peke yake. Alipotosheka akaketi kwenye kreti la soda, akajishika midomo kwa ule mkono wenye kovu. Nilitegemea ngumi, na ningeipokea. Kilichotoka ni pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetua gunia. Akalia kidogo. Halafu akasimama, akaanza kurudisha vifaa vyake kwenye mfuko, kimoja kimoja, bila haraka, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

Nikasema, "Padri, nisamehe."

"Nilishakusamehe. Uliniletea sale." Akafunga mfuko. "Lakini sale lile ulilileta kwa kosa lingine. Hili la leo halijaletewa. Na usililetee, umenisikia? Ukileta jani nitalazimika. Safari hii sitaki kulazimishwa."

Akaondoka na kuchechemea kwake. Kesho yake hakuja.

Mkimkosea mwenzenu, watu watawapa ushauri mwingi. Nunua hiki, tuma mtu mzima, mpigie simu usiku na mchana. Mimi nilichofanya kilikuwa kidogo na kilinichukua nguvu zote. Nilikwenda kwa kila mtu niliyemwambia ule uongo, nikauondoa. Mwenye nyumba ya sherehe. Wazee wale waliokilaumu Kiswahili. Yule mjomba sikumpata uso kwa uso, ila nilimpigia simu, akasema hata hakumbuki, na hilo nalo liliniumiza kivyake. Deo alinisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni, akarudi kwenye kahawa yake.

Mama yao nilimkuta anamenya ndizi. Nilieleza nimesimama, hakunikaribisha kiti. Kisu hakikusimama. Nilipomaliza akasema, "Kumbe na mimi ulinitumia." Basi. Nimetukanwa na wateja, na mabosi, na polisi wa barabarani, lakini hakuna tusi lililowahi kunifikia kama hilo, na halikuwa tusi.

Aloyce akawa anafanya kazi na fundi mwingine. Nilimwona mara moja mtaa wa Pasua kwenye paa la nyumba ya wapangaji, yupo juu, mluzi wake umerudi. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikausikiliza, halafu nikaenda zangu kabla hajaniona. Niliona haya, lakini moyoni nilifurahi. Nami niliirudia sheria ya Mzee Salehe. Aliyefanya kazi na mimi, awe nani, nilimwambia chomoa fyuzi mwenyewe, panda nayo, mimi sitaki kuishika. Na akisema neno lolote, arudie, na aseme neno lote: "mikono yangu imetoka kwenye waya". Ndefu, inachosha, lakini haina pande mbili.

Ilipita misimu. Siku moja akaja kibandani, hakuketi. Mwenzake ana malaria, na kuna kazi Machame, taa za banda la ng'ombe wa maziwa, mwenye banda ana haraka. Tukaenda na pikipiki ya mteja. Tulipofika nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia achomoe fyuzi apande nayo. Akachomoa. Akaitia mfukoni. Kisha akanisogezea ngazi.

"Panda wewe."

Nikanyoosha mkono anipe fyuzi, kama sheria inavyotaka. Akautazama mkono wangu, hakutoa kitu.

Nikapanda. Vijana, mimi nilikuwa nimepanda ngazi maisha yangu yote, na siku ile nilipofika kwenye kenchi, zile mbao za paa, nilizishika kwa mikono miwili kwanza. Chini yangu amesimama mtu ambaye nilimvunja nyonga, nikamnyang'anya mdomo wake, nikamfunga kwa jani la kwao ili asikasirike. Ana kila sababu, na fyuzi anayo. Nikagusa waya. Kila sauti ya ng'ombe ilinishtua. Nilitaka kumwita nihakikishe yupo wapi, nikaona sina uso wa kumwuliza. Ndipo nilipojua jinsi mtu aliye juu anavyomsikiliza aliye chini, mwili mzima unakuwa sikio. Miaka yote ile Aloyce alinisikiliza hivyo, mimi niko chini nawaza mambo yangu.

Nilipomaliza nikasema maneno yote, mikono yangu imetoka kwenye waya. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Taa zikawaka. Sikujua kama ameniambia hivyo kwa usalama au kwa kunikumbusha, na sikumwuliza.

Akarudi kibandani, na hivyo ndivyo tulivyofanya kazi tangu siku ile mpaka tulipostaafu. Mimi juu, yeye chini. Vicheko vilirudi taratibu, Shehe na Padri vikarudi, Ramadhani akawa anapima voltiji zake nyuma ya nyumba. Lakini hakupanda tena ngazi nikiwa mimi ndiye niliye chini, hata mara moja. Nikiwa naye nilibeba ngazi bila kuambiwa. Wateja walishangaa mbona anayepanda ni mimi kila siku, nami nilisema mwenzangu ana nyonga mbaya, kisha nikaongeza, "Mimi ndiye niliyeivunja." Aloyce alikuwa akisikia anatazama pembeni.

Msije mkadhani imani inarudi kama umeme, ukirudisha fyuzi nyumba yote inawaka. Ilirudi chumba kimoja kimoja, na kuna chumba nilijua hakitawaka. Nilikubali. Sikuona nina haki ya kudai.

Mwaka huu, baada ya mvua kubwa, Aloyce aliniita Kibosho. Binti yake Consolata, ambaye wengine wenu mmesoma naye, ndiye fundi sasa, na ni fundi kuliko sisi wote wawili. Alikuwa anabadilisha nyaya za nyumba ya bibi yake. Nikajua nimeitwa kunywa chai na kutoa makosa, kazi ya wastaafu. Boksi lipo barazani, limefungwa breka, na breka huwezi kuichomoa ukapanda nayo. Majengo makubwa yana kufuli za kuizuia isiwashwe. Lile boksi lilikuwa la zamani, halina pa kutia kufuli, kwa hiyo lazima mtu asimame hapo. Consolata akazima, akapima kwa testa, akachukua ngazi.

Mimi nikasogea kando nimpishe baba yake asimame. Aloyce akasema, "Simama wewe, Shehe."

Nilidhani sikusikia. Nikamwambia, "Rudia."

"Simama hapo. Mimi naenda jikoni kwa mama."

"Padri," nikasema, "ni mtoto wako."

"Najua ni wa nani." Akaegemea nguzo kupumzisha nyonga. "Mimi nilijaribu. Nilijaribu sana, zaidi ya unavyojua. Nikishika ngazi wewe ukiwa chini, mwili unakataa, nami siwezi kuulazimisha. Lakini huyu hajui kumwogopa mtu. Nikisimama hapa leo kwa sababu yako, nitakuwa nimemfundisha."

Akaenda zake, polepole, akazunguka nyumba, hakugeuka nyuma hata mara moja. Consolata alikuwa ameshapanda, anaimba wimbo wa simu yake, mikono yote miwili kwenye waya.

Nikaifunika ile breka kwa viganja vyote viwili. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, maana ningehitaji mkono. Njia ya kwenda kanisani inapita mbele ya baraza ile, na watu walikuwa wanashuka kutoka sala. Wakanisalimia, shikamoo mzee, shikamoo babu, watoto kwa wakubwa, na mama mmoja akasimama kabisa kungoja nimjibu. Sikuitikia hata mmoja. Hadi leo Kibosho wanasema yule mzee wa Njoro ana maringo, anaamkiwa na watoto wa watu anakaa kimya. Waacheni waseme, nilikuwa nasikiliza juu.